Kuendesha kamera za matangazo mubashara kwa kishikwambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayerusha matangazo mubashara akiwa peke yake, au akiwa na msaidizi mmoja ambaye si fundi. Mshika mawili moja humponyoka, na huyu ameshika manne: sauti, maandishi ya kwenye skrini, maoni ya watazamaji, na kamera mbili au tatu zilizo mbali naye. Nafuu yake haitokani na kuongezewa vitufe. Inatokana na kupunguziwa.

Kwa nini nitumie kishikwambi, na kamera ilikuja na rimoti yake?

Rimoti ya miali ya infraredi lazima ionane na kamera. Watu wakisimama mbele yako, au ukiwa umekaa nyuma ya nguzo, amri haifiki. Isitoshe, vitufe vyake ni namba tupu, na katikati ya pilikapilika hakuna anayekumbuka kama 4 ni meza kuu au ni mlango. Kwenye kishikwambi unaandika jina, unaweka rangi, na ukitaka unabandika hata picha ndogo ya kile kitakachoonekana.

Hata hivyo, sababu kubwa ni nyingine. Rimoti hutuma amri moja kwa kila mbonyezo. Kitufe cha kishikwambi kinaweza kubeba mlolongo mzima: geuza kamera ya pili, subiri ifike, iweke hewani, onyesha jina la msemaji. Huko ndiko kurahisisha kazi. Kuhamisha vitufe vilevile 40 kutoka kwenye rimoti kwenda kwenye kioo ni kubadilisha chombo tu.

Nitajuaje kama kamera yangu inakubali kuendeshwa hivi?

Inatakiwa iwe kamera ya aina ya PTZ, yenye mota za kuigeuza kushoto na kulia na juu na chini, pamoja na lenzi inayovuta picha karibu. Kamera ya kawaida iliyo juu ya tripodi haitageuka hata ukiibembeleza kwa programu gani.

Ukishaipata, itazame mgongoni. Kama ina tundu la waya wa mtandao, uko pazuri. Kama ina tundu la mawasiliano ya kizamani ya RS-232 au RS-422 tu, bado inawezekana, ila utahitaji kifaa cha kati cha kuiunganisha na mtandao. Kisha fungua kitabu cha maelekezo utafute neno VISCA. Hiyo ni itifaki iliyobuniwa na Sony, na leo kamera za PTZ za kampuni nyingi zinaielewa. Panasonic wana njia yao inayotumia anwani za wavuti, nayo ni rahisi mno kwa kishikwambi, kama utakavyoona hapa chini.

Wengi hukwama kwenye namba ya poti, yaani mlango ambao kamera inasikilizia amri. VISCA ya Sony kupitia mtandao hutumia UDP 52381 (UDP na TCP ni namna mbili za kutuma ujumbe mtandaoni). Kamera nyingi za kampuni nyingine husikiliza kwenye UDP 1259 au TCP 5678. Ukikosea poti, kamera haikuambii chochote. Inanyamaza tu, nawe unabaki ukilaumu waya.

Ninapobonyeza kitufe, ni nini hasa kinachotumwa?

Kitu kidogo kuliko unavyodhani. Amri ya VISCA ya kuirudisha kamera kwenye nafasi iliyohifadhiwa ina baiti saba tu:

81 01 04 3F 02 01 FF

Baiti ya kwanza inasema ujumbe unakwenda kwa kamera namba 1. Ile 3F ni habari za nafasi zilizohifadhiwa. 02 maana yake ni "nenda". Ungeweka 01 mahali pake, kamera ingehifadhi nafasi iliyopo badala ya kwenda, kwa hiyo angalia usije ukafuta kazi yako mwenyewe. Inayofuata ni namba ya nafasi, na FF ndiyo nukta ya mwisho wa sentensi. Kamera hujibu mara mbili: kwanza kwamba imepokea, baadaye kwamba imemaliza.

Kwa Panasonic, amri kama hiyo inaandikwa kwenye kivinjari kama anwani yoyote ya wavuti:

http://192.168.1.51/cgi-bin/aw_ptz?cmd=%23R00&res=1

Hiyo %23 ni alama ya reli (#). Ukiiandika reli yenyewe, kivinjari kitakata kila kinachofuata baada yake na kamera haitapokea kitu. Na R00 ni nafasi ya kwanza, si ya sifuri: mashine zinaanza kuhesabu kwenye 0, binadamu kwenye 1. Kamera yako ikienda daima kwenye nafasi ya jirani ya ile uliyotaka, umeshapata mchawi.

Kwa nini nakuchosha na baiti? Kwa sababu ukielewa kwamba amri ni kipande kidogo kiasi hiki, utaacha kuamini kwamba unahitaji mtandao wenye kasi kubwa. Unachohitaji ni mtandao usiokatika.

Je, lazima niwe na kompyuta katikati?

Kwa kamera moja, hapana. Kwenye iPad kuna programu ya Shortcuts, ambayo inaweza kuita anwani ya wavuti kama ile ya Panasonic hapo juu. Unaiweka kwenye skrini ya mwanzo kama ikoni na kazi imekwisha. Kwenye Android kuna Tasker na programu nyingine za namna hiyo.

Kamera zikifika mbili, nakushauri uweke kompyuta, na kishikwambi kibaki kuwa uso tu. Akili ikae kwenye mashine iliyounganishwa kwa waya. Programu ninayoipendekeza ni Companion ya Bitfocus: ni ya bure, inazielewa kamera za aina nyingi, na inazungumza pia na programu za kurushia matangazo za OBS na vMix, na vichanganyio vya picha vya ATEM. Unaiweka kwenye kompyuta ileile inayorusha matangazo, au hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kishikwambi kinafungua kivinjari kwenye anwani ya kompyuta hiyo, kwa mfano http://192.168.1.20:8000/tablet, na vitufe vinatokea. Hakuna cha kusakinisha kwenye kishikwambi, na kikianguka kikavunjika unachukua simu, unafungua anwani ileile, unaendelea.

OBS kuanzia toleo la 28 la mwaka 2022 ina mlango wa kupokea amri kutoka programu nyingine, kwenye poti 4455. Lazima uuwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya WebSocket, na uweke nenosiri. Kwa vMix, mlango wa amri za anwani za wavuti ni poti 8088.

Niweke nafasi ngapi kwa kila kamera?

Chache. Kamera inaweza kukubali mamia, lakini mkono wako haukubali. Mimi huanza na sita kwa kila kamera: pana, msemaji kifua, msemaji uso, meza, hadhira, na moja tupu ya dharura. Ukiona nafasi haijabonyezwa katika matangazo matatu mfululizo, ifute.

Majina yawe ya kile kinachoonekana, si ya kamera. "Msemaji uso" anaelewa hata msaidizi aliyekuja leo asubuhi. "K2-P7" utaelewa wewe tu, tena kwa wiki mbili.

Hifadhi nafasi hizo taa zikiwa vilevile kama zitakavyokuwa wakati wa tukio, na mtu akiwa amesimama pale. Kamera nyingi huhifadhi pamoja na mwelekeo kiasi cha kuvuta picha na umakini wa lenzi. Nyingine huhifadhi hata mizani ya rangi. Ukihifadhi mchana dirisha likiwa wazi, usiku, chini ya taa za manjano, msemaji wako atakuwa wa rangi ya machungwa. Na mpe nafasi kidogo juu ya kichwa: watu hawasimami pale ulipowapangia, na warefu huja bila taarifa.

Kitufe kimoja kinatakiwa kifanye nini kwa mpangilio upi?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko mengine yote hapa, ingawa wengi hawaliulizi.

Kanuni ni hii: kamera iliyo hewani haigeuki. Inayogeuka ni ile ambayo mtazamaji haioni. Kwa hiyo kitufe cha "Msemaji uso" kinatakiwa kwanza kiagize kamera ya pili iende kwenye nafasi yake, kisubiri, halafu ndipo kibadilishe picha. Matangazo yangu ya kwanza ya kutumia kishikwambi niliyapanga kinyume: picha inabadilika kwanza, amri ya kugeuka inafuata. Mtazamaji aliletewa ukuta, kisha dari, kisha bega la mtu, kisha msemaji. Nilidhani ni kamera mbovu. Ilikuwa ni mimi.

Tatizo linakuja pale kamera ya pili ndiyo iliyo hewani tayari, na unataka iende kwenye nafasi nyingine. Hapo kitufe kizuri huuliza kwanza: kamera gani iko hewani? Companion inaweza kusoma hali ya OBS au ya kichanganyio na kuamua. Kama kamera ya pili iko hewani, mlolongo unapeleka hewani picha pana ya kamera ya kwanza kwa sekunde chache, unageuza ya pili, kisha unarudi. Mtazamaji anaona mabadiliko mawili ya kawaida kabisa, wala hajui kilichotendeka nyuma ya pazia. Ndiyo maana nasisitiza kamera moja ikae kwenye picha pana na isiguswe. Si ya uvivu, ni mahali pa kukimbilia.

Mwenye kamera moja tu hana pa kukimbilia, basi afanye mojawapo kati ya mawili. Ama apunguze kasi ya mwendo wa kwenda kwenye nafasi mpaka mgeuko uonekane kuwa umekusudiwa, ama aweke picha tuli, kama bango la tukio au slaidi, wakati kamera inageuka. Kamera kadhaa zina mpangilio wa kugandisha picha ya mwisho hadi mota zisimame. Inasaidia kwa mgeuko mfupi; kwa mrefu, mtazamaji anaanza kudhani intaneti yake imekufa.

Nisubiri muda gani kati ya kugeuza na kubadilisha picha?

Pima, usikisie. Chukua saa ya simu, tuma kamera kutoka nafasi iliyo mbali kabisa hadi ile ya upande mwingine, hesabu mpaka picha itulie na lenzi imalize kutafuta umakini. Ongeza nusu sekunde. Lenzi ndiyo husahaulika: mota zimesimama lakini picha bado ina ukungu. Tumia muda huo mmoja kwa vitufe vyote, hata kwa migeuko mifupi. Utapoteza sekunde moja hapa na pale, lakini mkono wako utazoea mdundo mmoja, na mdundo huo una thamani kuliko sekunde.

Na usukani wa kidole kwenye kioo?

Uweke, lakini kwenye ukurasa wa pili. Kioo hakina mguso wa kukuambia kidole kiko wapi, kwa hiyo lazima ukitazame, na ukikitazama huitazami picha.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Amri ya kuzungusha ya VISCA ina maana ya "anza kuzunguka na uendelee mpaka nikuambie simama". Unapoachia kidole, ndipo amri ya kusimama inatumwa. Wi-Fi ikikatika katikati ya hizo mbili, kamera inaendelea kuzunguka hadi ifike mwisho wa mzunguko wake, huku wewe unabonyeza kioo kama kichaa. Amri ya kwenda kwenye nafasi haina ugonjwa huo: ikifika imefika, isipofika kamera inabaki ilipo. Kama kweli unahitaji kumfuata mtu kwa mkono, nunua usukani halisi wa waya.

Kwa nini kila kitu kilifanya kazi wakati wa majaribio, kikagoma ukumbi ulipojaa?

Kwa sababu waliojaza ukumbi wamekuja na simu. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na simu mia kadhaa zinazigombania. Juu ya hayo miili ya watu ina maji mengi, na maji hunyonya mawimbi hayo. Ukumbi mtupu haukuambii ukweli.

Tumia 5 GHz. Weka ruta yako mwenyewe, karibu na unapokaa, juu ya vichwa vya watu, na nenosiri usimpe mtu. Ruta hiyo haihitaji intaneti. Kazi yake ni kuunganisha kishikwambi, kompyuta na kamera tu. Ila hapo kuna mtego: vishikwambi na simu zikiona Wi-Fi isiyo na intaneti huweza kuiacha kimyakimya na kuhamia data ya simu. Zima data ya simu kabisa kabla ya tukio.

Kitu kingine: usitumie mtandao wa wageni wa jengo. Mitandao hiyo kwa kawaida huzuia vifaa visionane, ili mgeni mmoja asimchungulie mwingine. Kishikwambi chako na kompyuta vitakuwa kwenye Wi-Fi moja, kila kimoja kikiwa na intaneti safi, na havitafahamiana milele.

Kamera zenyewe na kompyuta ziwe kwenye waya, bila mjadala. Hasa kama picha inapita mtandaoni kwa NDI, njia ya kupitisha video ndani ya mtandao wako, kwa sababu NDI kamili ya ubora wa 1080p kwa fremu 60 hula zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde kwa kila kamera. Kishikwambi pekee ndicho chenye ruhusa ya kukaa bila waya, na hata hicho, ukipata adapta ya waya wa mtandao, ichomeke.

Jana kamera ilijibu, leo haipatikani. Imeharibika?

Karibu kila mara ni anwani imebadilika. Ruta imeigawia kamera anwani nyingine ya IP baada ya umeme kukatika, na vitufe vyako bado vinaita ya zamani. Zipe kamera na kompyuta anwani za kudumu, kisha ziandike kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kamera.

Nifanyeje kishikwambi kisilale wala mtu asitoke kwenye ukurasa wa vitufe?

Weka muda wa kujifunga skrini uwe "kamwe", chomeka chaji, zima taarifa zote. Kwenye iPad washa Guided Access. Kwenye Android tumia huduma ya kubandika programu. Zote mbili hukifungia kishikwambi kwenye ukurasa mmoja hadi aliyekifunga akifungue. Na usikiegemeze dirishani: vishikwambi vikipata joto hupunguza mwanga wa skrini, kisha hujizima.

Naweza kuendesha kamera nikiwa mji mwingine?

Unaweza, na amri ni nyepesi kiasi kwamba hata intaneti ya wastani inazibeba. Shida ni macho. Ukitazama picha kupitia YouTube au Facebook, unaona yaliyopita sekunde kadhaa nyuma, wakati mwingine zaidi, na kila utakachokisahihisha kitakuwa kimeshapita. Tafuta njia ya picha yenye ucheleweshaji mdogo kwa ajili yako peke yako, hata kama ni simu ya video iliyoelekezwa kwenye skrini ya kompyuta ya ukumbini. Naona aibu kuipendekeza, lakini imeniokoa.

Kamwe usifungue poti za kamera moja kwa moja kwenye intaneti. VISCA haina nenosiri. Yeyote atakayeipata anaiendesha. Na kamera zenye nenosiri la kiwandani ni chakula cha mashambulizi: mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Tumia VPN, kama WireGuard au Tailscale, ili kishikwambi chako kionekane kana kwamba kimo ndani ya ukumbi.

Kamera inayomfuata mtu yenyewe haitanimalizia kazi hii yote?

Kwa mhadhiri mmoja anayetembea jukwaani, vizuri sana. Wakiwa watatu, au mtu akipita mbele yake, inaweza kumfuata asiyehusika hadi chooni. Iweke kama kitufe: washa, zima. Na hakikisha kila kitufe cha nafasi kinazima ufuatiliaji kwanza, la sivyo kamera itakwenda ulikoituma na papo hapo irudi ikamtafute mpendwa wake.

Je, nahitaji waya wa umeme kwa kila kamera?

Si lazima. Kamera nyingi za PTZ hupokea umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Angalia tu kiwango: swichi ya mtandao ya kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, 802.3at hadi wati 30. Kamera inayotaka zaidi ya inachopewa inaweza kuwaka vizuri ikiwa imetulia, kisha ikajizima mota zote zinapofanya kazi pamoja. Mwisho wa waya ni mita 100.

Kompyuta ikizimika katikati ya tukio?

Kama ndiyo inayorusha, matangazo yamekatika na kamera si tatizo lako la kwanza. Kama inaendesha vitufe tu, kamera zitabaki zilipo, na picha itaendelea kutoka. Peleka hewani ile picha pana, kwa kichanganyio chenyewe, kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha fungua kurasa za kamera zenyewe kwenye kivinjari cha kishikwambi. Kamera nyingi za mtandao zina ukurasa wa kuziendesha, na anwani zake si umezibandika mgongoni mwa kamera? Zinakili pia nyuma ya kishikwambi, kwa sababu kamera ziko darini. Na ile rimoti ya infraredi tuliyoidharau mwanzoni, iwe mfukoni ikiwa na betri mpya.

Hifadhi pia nakala ya mipangilio ya Companion kwenye diski ndogo. Faili ni moja, na kuipakia kwenye kompyuta nyingine ni kazi ya dakika chache. Kuvitengeneza upya vitufe kutoka kichwani, huku watu wakikutazama, ni kazi ya jioni nzima.